Kitanzi cha Mkanda

Siku ya gulio nilishuka Magoma kutafuta maharage ya mbegu, nikaishia barazani kwa mzee mmoja nikikodolea macho kifuniko cha mtungi wake wa maji. Kilikuwa bati la mviringo, pana kama sinia, ukingo wake umekunjwa kwa usawa ambao mafundi bati wetu hawaupati kwa nyundo. Katikati palikuwa na alama ya karatasi iliyobanduka zamani. Nilikitambua kabla sijauliza. Kilikuwa kifuniko cha kopo la mkanda wa sinema, aina ile niliyoiona mara ya mwisho nikiwa mtoto mwenye vidonda magotini, nimekaa kwenye nyasi za uwanja wa mpira nikisubiri giza liingie.

“Ndicho chenyewe, mwanangu,” mzee alisema alipoona ninavyokitazama. “Kopo limekwisha kuoza. Hicho kimekataa kufa.”

Mzee huyu alikuwa mwonesha sinema. Kwa miaka mingi alizunguka bonde la Lwengera na gari la sinema, toka Korogwe hadi Mashewa, kwenye kambi za mkonge na viwanja vya shule, na mara nyingine akapanda milimani kwa njia ambazo gari lilisukumwa zaidi ya lilivyoendeshwa. Sasa anafuga mbuzi. Vijana wa bodaboda wanaopita mbele ya nyumba yake wanampigia honi kwa adabu, lakini hawajui kuwa mikono ile ndiyo iliyowaonesha babu zao bahari, meli na barafu kwa mara ya kwanza.

Nilimwomba anieleze kazi ilivyokuwa. Hakueleza. Aliingia ndani akatoka na kipande cha mkanda, urefu wa mkono hivi, alichokilaza ndani ya daftari kuukuu. Alifumba macho, akakipitisha kipande kile katikati ya midomo, akakibana kidogo, akakiachia.

“Upande huu,” akasema, na kunielekezea.

Mkanda una pande mbili. Mmoja ni laini mtupu, na wa pili umepakwa dawa inayobeba picha. Ukiupachika kinyume, maandishi yanasomeka nyuma mbele na picha inakuwa na ukungu. Mchana unaweza kuugeuza juani ukaona upande wenye mng’ao na ule uliofifia. Lakini gizani, watu mia tatu wanapiga miluzi na jenereta inanguruma, utawasha taa uwaharibie macho? Mdomo wenye unyevu unanata upande wa dawa, na upande laini unateleza. Mzee alijua upande kwa midomo kama mama anavyojua homa ya mtoto kwa shavu lake.

Kisha akanionesha kitanzi. Hakuwa na mashine, basi aliichora hewani kwa vidole: gurudumu la juu, dirisha la taa, gurudumu la chini. Magurudumu yenye meno huzunguka kwa mwendo mmoja, taratibu, bila kusita. Lakini pale dirishani picha haipiti kama maji. Inasimama, taa inaipenya, inavutwa, inayofuata inasimama, mara 24 kwa sekunde moja. Kati ya mwendo ule mtulivu na mshituko huu lazima mkanda uachiwe ulegevu, kitanzi kidogo juu ya dirisha na kingine chini yake. Kikiwa kidogo, mkanda unachanika. Kikiwa kikubwa mno, unagusa kingo na kukwaruzika. Mzee alikipima kwa upana wa vidole viwili, na vidole vile, ambavyo leo vinatetemeka akishika kikombe, vilitulia kabisa vilipokuwa vikishika kitanzi kisichokuwapo.

“Mkanda uachie upumue,” alisema. “Ukiubana unakukatikia mbele za watu.”

Na ulikuwa ukikatika. Nani wa rika langu asiyekumbuka? Shuka jeupe linabaki jeupe, steringi amekatiwa njiani ngumi ikiwa hewani, uwanja mzima unapiga ukelele mmoja. Sisi watoto tulikuwa tumekaa upande wa nyuma wa shuka, maana mbele ni kwa wakubwa, na tulikuwa tumezoea kuona kila mtu akitumia mkono wa kushoto. Mkanda ukikatika tulikimbilia kwenye gari kumtazama fundi. Alikuwa na wembe, chupa ndogo ya gundi yenye harufu kali, na kitambaa safi kisichoguswa na mtu mwingine. Anakata ncha mbili, anakwangua dawa mwisho mmoja, anapaka gundi, anabana, anahesabu kimoyomoyo. Hakuharakishwa na miluzi. Kisha anapachika, anaweka vitanzi vyake, na ghafla mwanga unatoka tena, umejaa wadudu na vumbi, na ngumi inatua. Kelele ya furaha iliyofuata sijaisikia tena popote, hata kwenye mpira.

Bonde letu lina haki ya kujivunia kazi hii kuliko watu wengi wanavyodhani. Safu ya milima inayotutazama hapa Magoma upande wa machweo, ukiifuata kuelekea kusini hadi juu ya Korogwe, unafika Vugiri. Huko, mwaka 1935, ilijengwa kambi ya kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, na maabara yake ya kusafishia mikanda, miaka mingi kabla nchi nyingi za bara hili hazijaota jambo hilo. Fedha zilitoka kwa Shirika la Carnegie la New York, wazo kwa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, na kazi ikaitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Waliosimamia walikuwa Waingereza wawili. Meja Notcutt alikuwa meneja wa shamba la mkonge aliyekwisha kujaribu kuwapigia wafanyakazi wake filamu, na Geoffrey Latham alitoka kwenye idara ya elimu ya Rhodesia ya Kaskazini. Hadi walipofunga mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35.

Zilikuwa filamu za mafunzo: safura, malaria ya watoto, mmomonyoko wa udongo, kahawa, chai, kodi. Moja ilihusu benki ya posta, na ndani yake mfanyakazi anayefukia mshahara wake chini ya sakafu anaibiwa. Nyingine ilitokana na hadithi ya sungura na chui. Walioigiza walikuwa watu wa huku, waliochukuliwa na kuambiwa wafanye mbele ya kamera yale waliyokuwa wakiyafanya kila siku, au yale ambayo serikali ilitaka wayafanye. Picha zenyewe zilikuwa bubu. Maneno yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili, Kisukuma, Kiganda, Kinyanja na nyingine, na gari likaenda nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Fikiria kazi ya mwonesha sinema wa gari lile. Mkono mmoja uko kwenye mkanda, mwingine kwenye sindano ya santuri. Mkanda ukikatika akaunganisha, picha kadhaa zimepotea, na santuri haina habari. Sauti inatangulia, mdomo wa mtu unafuata. Inambidi anyanyue sindano, asikilize, aishushe tena mahali ambapo neno na mdomo vitakutana. Nilipomsimulia mzee habari hizi alitikisa kichwa akasema kwamba mtu huyo, yeyote aliyekuwa, angemwamkia shikamoo mara mbili.

Ubaya wa wakati ule siufichi. Filamu hizo zilitungwa na wageni waliojiona wanamjua Mwafrika kuliko anavyojijua. Hata baada ya Vugiri, Waingereza walipoanzisha kitengo chao cha filamu za makoloni mwaka 1939, mkuu wake William Sellers alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha inayoruka haraka kutoka mahali hadi mahali, kwa hiyo apewe picha za polepole, zisizo na hila. Mimi nimekaa nyuma ya shuka, nikatazama kila kitu kikiwa kinyumenyume, na sikupotea hata mara moja. Wala bibi yangu, ambaye hakujua kusoma, hakupotea.

Na ikiwa kulikuwa na pengo kati ya shuka na watu, mwonesha sinema ndiye aliyelijaza. Mzee aliniambia kwamba filamu ya Kiingereza ikifika kambini aliitazama kwanza peke yake, usiku uliotangulia, kisha kesho yake anashika kipaza sauti na kuisimulia kwa Kiswahili, akichomeka Kisambaa mahali pa kuchekesha na Kizigua mahali pa kutisha. Mtu mbaya alipewa jina la nyapara aliyechukiwa. Mto wa Ulaya ukawa Lwengera. Watu walikwenda nyumbani wakiwa wameona filamu yao. Hakuna mtaala uliomfundisha hivyo. Naye Rashidi Kawawa, kabla hajawa Waziri Mkuu, aliigiza kama mhusika mkuu katika “Muhogomchungu”, filamu ya Kiswahili ya mwaka 1952 kuhusu mtu wa shamba anayetapeliwa Dar es Salaam. Ukimtazama kwenye picha zile unaona mtu anayejua uso wake unazungumza na nani.

Baada ya Uhuru tulikuwa na Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, na miaka ya 1980 ikatupa kazi kama “Arusi ya Mariamu”. Kisha ikaja video, majumba ya sinema mijini yakageuzwa maghala na makanisa, na kazi ya kusimulia ikahamia kwenye mabanda ya video, vibanda umiza. Watu wengine wanavidharau vibanda. Mimi sikubaliani nao. Derek Mukandala, yule tuliyemjua kama Lufufu, alipotia sauti yake kwenye kanda za Kichina na Kihindi, alikuwa akiendeleza kazi ya mwonesha sinema wa gari, na tulimwelewa mara moja kwa sababu masikio yetu yalikwisha kufundishwa uwanjani.

Lakini kazi ikishaoneshwa, nani anaitunza? Niliwahi kutazama filamu ya Ukraine iitwayo “Zemlya”, yaani Ardhi, aliyoitengeneza Oleksandr Dovzhenko mwaka 1930. Ni bubu, na ni ya wakulima. Mwanzoni mzee amelala chini ya miti ya matunda, matufaha yamemzunguka, familia yake iko karibu. Anakula peasi moja, anaridhika, anakufa. Nilishtuka, maana niliona Lushoto mwezi wa mavuno, mapeasi yamelala majanini na wazee wamejinyoosha kivulini. Mkanda wa asili wa filamu ile uliangamia katika Vita vya Pili vya Dunia. Wakatafuta nakala zilizobaki, wakaunganisha, wakasafisha, na leo inaoneshwa. Kyiv kuna kituo cha taifa cha kuhifadhi mikanda chenye jina la Dovzhenko. Nchi ile imepigwa na vita si mara moja, na bado imemkumbuka mzee mmoja anayekula peasi.

Sisi tumekumbuka nini? Kijana wa kibanda umiza wa hapa Magoma, mwenye heshima na bidii, aliniambia kwamba flashi ikijaa anafuta za zamani. Nilimuuliza za zamani ni zipi. Za mwaka jana, akasema. Sikumlaumu. Hakuna aliyemwambia kwamba kitu kinachooneshwa kinapaswa pia kutunzwa, na sisi tuliopaswa kumwambia tulikuwa tunafunikia mitungi. Nyumba nyingi sasa kila mtu ana sinema yake kiganjani, baba pembe hii, mtoto pembe ile, na hakuna anayepiga ukelele kwa ajili ya mwenzake mkanda unapokatika. Tena haukatiki. Na hakuna wa kuuunganisha.

Kabla sijaondoka nilimwomba mzee aniuzie kile kipande. Alikataa, akakirudisha ndani ya daftari, akaniambia kwamba picha zilizomo ni za wacheza ngoma wa kambi moja ambayo haipo tena, na yeye ndiye pekee anayewafahamu kwa majina. Alinitajia watano. Nimeyaandika majina yao mahali salama.

Msomaji uliye bondeni au milimani, kama nyumbani kwenu liko kopo la bati la mviringo ambalo babu hakutaka liguswe, usilipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Usiufunue mkanda juani wala usiuvute kwa nguvu. Uweke mahali pakavu na baridi, uandike juu yake jina la aliyeutunza na mahali ulipotoka, kisha uupeleke Makumbusho ya Taifa. Kati ya zile filamu 35 za Vugiri zinazojulikana kubaki ni tatu, nazo zimetunzwa Uingereza.