Gari Likilia Unapokanyaga Mafuta: Namna ya Kumjua Fundi Hodari

Ukiingia gereji yoyote ya Mpanda na gari linalovuma unapokanyaga mafuta, hukosi mtu wa kukuambia "hiyo difu" hata kabla hujazima injini. Huenda amepatia. Lakini kubahatisha si ufundi, na difu ikishafunguliwa bila sababu, mara nyingi hairudi ilivyokuwa. Fundi hodari hujulikana kwa anayoyafanya kabla hajashika spana. Haya ndiyo ya kumtazamia.

Maswali yake

Fundi wa kweli huanza kwa kuuliza. Mlio ulianza lini? Gari lilikuwa limebeba nini? Lilipita kwenye maji? Swali hili la mwisho lina uzito wa pekee mkoani Katavi, uliko mji wa Mpanda, ambako mvua za Novemba hadi Aprili hugeuza vijito kuwa mito. Difu iliyopata moto ikizama majini hupoa ghafla, hewa iliyomo hunywea, na kipumulio chake kikiwa kimezibwa na tope, maji hunyonywa kupitia kwenye sili. Dereva husahau, kisha baada ya miezi difu huanza kulia.

Mzigo nao una lake. Mpanda iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ilhali Ziwa Tanganyika liko kwenye mita zipatazo 770. Gari linalopanda kutoka Karema, kando ya ziwa hilo, likiwa limejaa dagaa hulazimisha meno ya difu yasukumane kwa nguvu njia nzima. Fundi asiyeuliza hayo anatibu gari asilolijua.

Majaribio yake

Kwanza apige resi gari likiwa limesimama, gia ikiwa nyutro. Mlio ukitokea hapo, difu haihusiki, maana haizunguki. Atafute mbele: mkanda, altaneta, pampu ya pawa stelingi, au turbo kwa gari la dizeli. Akate usukani huku akisikiliza. Mlio ukizidi, atazame kwanza kiwango cha hidroliki kabla ya kulaumu pampu. Halafu atoe mkanda na kuwasha injini kwa sekunde chache tu. Kukiwa kimya, azungushe kwa mkono kila kilichokuwa kinaendeshwa na mkanda huo. Beringi iliyokwisha hukwaruza vidoleni. Turbo yenye hozi iliyopasuka hupiga mluzi, na mara nyingi huambatana na moshi mweusi na gari kukosa nguvu.

Gari likinyamaza linaposimama, lazima litoke barabarani. Lami ya kwenda Sitalike, kilomita kama 35, inafaa sana kwa kazi hii. Aendeshe kwa mwendo usiobadilika, akanyage, kisha aachie mafuta. Mlio unaobadilika kila anapobadili gia humpeleka kwenye giaboksi. Mlio unaofuata mwendo wa gari, gia yoyote iwayo, humpeleka difu. Ukisikika anapokanyaga na kukatika anapoachia, ashuku meno ya pinioni na kraunwili, gia mbili kuu za ndani ya difu. Ukisikika wakati wote, beringi za pinioni ndizo za kuchunguza mwanzo. Mvumo usiojali mafuta ila hubadilika gari likiyumbishwa kidogo kushoto na kulia ni wa beringi ya gurudumu. Na unaobadilika gari likitoka lami kuingia vumbi, mara nyingi ni tairi.

Kuna mtego mmoja unaomuumbua asiyejua. Toyota IST nyingi huvutwa na magurudumu ya mbele, na difu yake imo ndani ya giaboksi. Anayekuuzia difu ya nyuma ya gari la namna hiyo, ondoka kwake.

Mikono yake

Difu ikibidi kufunguliwa, simama karibu. Oili imwagwe kwenye chombo safi, uione. Ikiwa na rangi kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ungaunga mwembamba wa chuma ni uchakavu wa kawaida. Vipande maana yake meno au beringi vimevunjika.

Tazama kama anaweka alama kwenye vifuniko vya beringi, cha kushoto na cha kulia, kwa kuwa havibadilishani. Kisha subiri ile kazi inayotenganisha fundi na mbomoaji: kupaka rangi kwenye meno ya kraunwili, kuizungusha, na kusoma alama inayobaki. Alama ikae katikati ya jino. Ikiwa pembeni, anaongeza au kupunguza visahani vyembamba vya chuma, anarudia, hata mara nyingi. Nafasi kati ya meno, kwa kawaida kati ya milimita 0.1 na 0.2, hupimwa kwa kipimo chenye saa, si kwa kutikisa.

Pinioni na kraunwili husagwa pamoja kiwandani. Kubadilisha kimoja na kuacha kingine ni kununua mlio mpya. Ukichagua difu nzima ya mtumba, hesabuni meno: 41 kwa 10 ni 4.1, na namba hiyo lazima ilingane na ya difu ya mbele kama gari linavuta kwa magurudumu yote manne.

Na kataa dawa za kuficha. Unga wa mbao au grisi nzito ndani ya difu hunyamazisha mlio kwa muda, huku ukizuia oili isifike kwenye beringi.

Kupokea kazi

Dai spea za zamani. Hakikisha oili mpya ni ya difu, GL-5, ya uzito uliotajwa kwenye kitabu cha gari, mathalani 80W-90. Kisha rudini barabara ileile, kwa mwendo uleule, ikiwezekana na mzigo.

Na kama fundi ametumia saa nzima akisikiliza, akagundua ni mkanda uliolegea, akaukaza, mlipe uchunguzi wake kwa moyo mkunjufu. Tukizoea kulipia spea tu na kudharau sikio, tunawafundisha mafundi wetu kufungua difu zisizo na kosa.