Ufundi wa Kumkisia Aliyejificha

Ukiuliza mafundi wa Kigoma ni akina nani, utatajiwa waunda mitumbwi wa Kibirizi na Katonga, washona nyavu, mafundi wa injini za boti, na akina mama wanaojua kuanika dagaa wakakauka bila kujaa mchanga. Wote wanastahili sifa. Mimi naomba nafasi kwa fundi mmoja asiyetajwa, asiye na karakana wala malipo. Huyu ni mtazamaji wa sizoni anayekaa mbele ya hadithi yenye watu ishirini, akijua kwamba mmoja wao si yule anayejidai kuwa, akamtambua kabla mtunzi hajamfunua.

Shule ya ufundi huu ni vibanda umiza: benchi za mbao, ukuta wa mabati, pazia zito mlangoni na televisheni juu kabisa ili wa nyuma nao waone. Kwa miaka mingi Kigoma haikuwa kwenye gridi ya Taifa. Mji uliwashwa kwa majenereta ya dizeli, na umeme ulikuwa na tabia ya kukatika pale pale msaliti anapogeuza uso. Kibanda kizima kikabaki gizani na swali moja. Hapo ndipo mjadala ulipopamba moto, na wengine walifurahia mjadala kuliko mkanda wenyewe.

Ziwa Tanganyika nalo lina mkono wake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa haupati nguvu ya kuwakusanya, na wavuvi hupumzika mpaka mbalamwezi ipite. Siku hizo vibanda hujaa watu waliozoea kukesha wakiangalia maji meusi na kusoma dalili ndogo. Watu wa namna hiyo ni wagumu kudanganywa na mtunzi wa filamu.

Jioni moja Kibirizi tulikuwa tukitazama sizoni ya Kikorea, ya mfalme na ikulu yenye msaliti ndani. Vijana wote walikuwa wakimshuku waziri mmoja mwenye sharubu nyembamba, kwa sababu alikuwa akicheka peke yake. Nyuma alikaa mama muuza migebuka, ndoo yake tupu miguuni, kimya muda wote. Kipande kilipoisha akauliza tu, "Hivi yule mpishi alijuaje kwamba mfalme usiku ule halali chumbani kwake?" Kibanda kikanyamaza. Siku chache baadaye mpishi akaanikwa hadharani. Kijana mmoja akamwambia, "Mama, wewe hii umeshaiona!" Akajibu, "Sijaiona, mwanangu. Nimesikiliza."

Kanuni kubwa ya ufundi imo katika jibu lile. Kwamba mwenye sura ya adui mara nyingi siye adui, hilo hata mtoto analijua, kama anavyojua kwamba stelingi hafi mapema. Fundi huenda mbele zaidi. Hutafuta mtu anayejua jambo ambalo hakuambiwa. Humtafuta asiyekuwepo kila balaa linapotokea. Huangalia kamera imemkawilia nani baada ya mazungumzo kwisha. Wapo pia wanaokisia kwa mlango wa nyuma: huyu mwigizaji ana jina kubwa, hawezi kulipwa abebe sinia tu, vimebaki vipande viwili, kwa hiyo anayekamatwa leo ataachiwa. Mara nyingi hupatia, lakini hesabu zao ni za watengenezaji na bajeti yao. Mwenye ufundi hubaki ndani ya hadithi na kutumia ushahidi ambao hata wahusika wenyewe wangeweza kuuona.

Yupo mtu mwingine ndani ya kibanda anayeubeba ufundi huu kwa upande wa pili: mtafsiri. Tanzania ilimjua Lufufu, Derek Gaspar Mukandala, aliyewasimulia Waswahili filamu za kigeni kwa sauti yake. Baada yake wakaja wengine kama DJ Mack na DJ Murphy. Wakenya wana DJ Afro, Waganda wana VJ Jingo. Mtafsiri ameuona mwisho. Anajua nani mnafiki, na bado anatakiwa ampe sauti ya mtu mwema kwa saa nzima bila kuteleza. Akijisahau na kumtania msaliti mapema, ameuza mchezo wa watu.

Mtihani mkubwa wa ufundi huu ninaoufahamu ulitoka Marekani. Battlestar Galactica, tamthilia ya anga za juu iliyoanza kwa mfululizo mfupi Desemba 2003 na kumalizika 2009, ilikuwa na mashine ziitwazo Cylon zilizojifunza kufanana na binadamu kwa damu na machozi. Aina zake zilikuwa kumi na mbili, nyingi zikiitwa kwa namba: Sita, Nane. Saba zilijulikana, tano zikafichwa. Machi 2007 nne zikafunuliwa kwa mpigo: Tigh, ofisa mlevi aliyewachukia Cylon kuliko wote, Tyrol, mkuu wa mafundi, Anders, mchezaji aliyegeuka mpiganaji wa msituni, na Tory, msaidizi wa rais. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akijijua.

Akabaki mmoja, na watazamaji wakamsubiri kwa karibu miaka miwili. Januari 2008 ilipotoka picha ya matangazo iliyopangwa kwa mfano wa Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci, watu waliichambua kidole kwa kidole: nani ameshika nini, nani anamtazama nani. Januari 2009 jibu likatoka. Alikuwa Ellen, mke wa Tigh, ambaye mumewe alimlisha sumu kwa kosa la kuwapa maadui siri. Wapo waliokosa kwa sababu moja: walipanga orodha ya walio hai, wakasahau kuwahesabu marehemu.

Kuna aliyekasirika, na si bure. Mtayarishaji wa tamthilia hiyo, Ronald D. Moore, hakuficha kwamba watu wake hawakuwa wamewapanga hao watano tangu mwanzo. Waliwachagua safari ikiwa imeshakwenda mbali. Sasa mkisiaji alikuwa akitafuta nini kwa mtu ambaye hata mfichaji hakuwa amemficha bado? Kwangu, hapo ndipo thamani ya ufundi inapoonekana. Mtazamaji anayedai ushahidi humlazimisha mtunzi kurudi nyuma na kuangalia kama mshono umekaa. Pasipo watazamaji wa namna hiyo, watunzi wangetufungulia mlango wowote na kutuambia ndio uliokuwa njia.

Kigoma haikuishia kuzaa wakisiaji. Ilizaa pia bingwa wa kuficha. Ben Mtobwa, aliyezaliwa mkoani humo mwaka 1958 na kufariki 2008, aliandika riwaya za upelelezi zilizopita mkono kwa mkono hadi majalada yakachakaa. Mpelelezi wake Joram Kiango, wa Salamu Kutoka Kuzimu na Tutarudi na Roho Zetu?, ni mtu wa mwendo wa kasi, tofauti na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mzee wa Unguja anayefikiri huku akivuta kiko. Lugha yenyewe iliwasaidia: katika Kiswahili muuaji anaweza kuingia, akapiga, akatoka, kurasa nzima, na msomaji asijue kama ni mwanamume au mwanamke. Kizazi kilichojifunza kushuku kwa kusoma vitabu hivyo hakikupata shida kilipofika mbele ya televisheni.

Ziwa hili pia limewahi kumvusha mtu wa kukisiwa kweli kweli. Aprili 1965 kundi dogo la Wakuba lilifika Kigoma na kuvuka usiku kwenda Kongo kuwasaidia waasi. Walijipa majina ya namba za Kiswahili. Moja alikuwa Víctor Dreke, Mwafrika wa Kuba, aliyewekwa mbele kama kiongozi. Mbili alikuwa José María Martínez Tamayo. Tatu alikuwa Mzungu mwenye miwani, ndevu zimenyolewa, pasipoti yake ikisema Ramón Benítez, akitambulishwa kama daktari na mkalimani wa Kifaransa. Alikuwa Ernesto Che Guevara. Wakati ulimwengu mzima ukiulizana amekwenda wapi, wengine wakiapa kwamba ameshakufa, yeye alikuwa ng'ambo, milima ambayo siku ya anga safi huonekana kutoka ufukwe wa Kigoma. Novemba mwaka huo huo alirudi Kigoma kwa boti, vita ikiwa imemshinda.

Mpime Tatu kwa kanuni ya mama muuza migebuka. Kwa nini mkalimani anasikilizwa kuliko anayetafsiriwa? Kwa nini namba tatu ndiyo inayotazamwa na namba moja kabla ya kujibu? Sare, cheo na pasipoti vinaweza kughushiwa. Kughushi namna watu wengine wanavyokutazama ni kazi ngumu zaidi, na jicho la fundi hutua hapo.

Lakini kila chombo chenye makali kina upande wa kukata mikono. Katika baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kukisiwa kuwa wachawi, ushahidi ukiwa macho mekundu, ambayo yanaeleweka kwa mtu aliyepika kwenye moshi maisha yake yote. Huko ni kukisia kwa mtindo wa wale vijana wa waziri mwenye sharubu: wamechagua sura kwanza, sababu zikafuata.

Sisi wa mpakani tumeonja pia upande wa kukisiwa. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Ujiji imejengwa na Waha, Wamanyema waliovuka kutoka Kongo, na Waswahili waliopanda na misafara ya pwani, na wajukuu wao leo ni watu wa mtaa mmoja. Lakini mtu wa Kigoma akisafiri ndani ya nchi yake, lafudhi yake na jina la babu yake vinatosha kumfanya aulizwe hasa wewe ni wa wapi, mara ya pili na ya tatu, huku kitambulisho kikiwa mezani. Kwa mtu aliyewahi kuketi kwenye kiti hicho, Cylon asiyejijua si hadithi ya mbali. Katika tamthilia ile Boomer, rubani mpendwa wa meli, aliishi muda mrefu bila kujijua, na mwishowe akampiga risasi kamanda wake. Ukimtazama mtu wa namna hiyo, hamu ya kumnyooshea kidole hupungua.

Kwa sababu hiyo naupenda ufundi huu ukibaki mahali pake. Ndani ya kibanda, mkisiaji hutaja jina mbele ya watu, hutoa sababu, husikiliza anayempinga, kisha husubiri. Akikosea, gharama yake ni kuchekwa na pengine soda moja. Akipatia, hapewi mali yoyote ya aliyefunuliwa. Hakuna mahakama ya mtaani inayofuata kanuni hizo nne, na ingezifuata, watu wengi wangekuwa hai.

Basi tuwape hadhi yao wazee, vijana na akina mama wa benchi za nyuma, wanaoshuku kwa ushahidi na kungoja kwa subira. Nawe msomaji, ukiingia kibandani ukiwa umeshauona mwisho, tafadhali ufunge mdomo. Usiwanyang'anye wenzako kazi wanayoipenda. Na ukitoka nje, kabla hujamtaja jirani yako, jiulize kwanza kama unao ushahidi ambao yule mama angeukubali.