Nyara, Jangili na Upinde: Lugha ya Uwindaji katika Maandishi Yanayohusu Nyeri

Neno nyara lina maana mbili ambazo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili hawajazipa uzito unaostahili. Katika matumizi ya kale, nyara ni mali inayochukuliwa kwa nguvu vitani. Ndiyo maana mtu aliyetoroshwa husemwa kuwa ametekwa nyara. Katika lugha ya sheria ya Tanzania, nyara za Serikali ni pembe, meno, ngozi na mafuvu ya wanyamapori. Mgeni aliyelipia uwindaji wa kitalii huondoka na kichwa cha nyati, na hiyo ni nyara. Mwanakijiji aliyekutwa na nyama bila kibali hushtakiwa kwa kupatikana na nyara hiyohiyo. Tofauti baina ya mwindaji na jangili imo katika karatasi, wala haimo katika tendo. Makala haya yanachunguza jinsi tofauti hiyo ilivyojengwa katika maandishi yanayohusu Nyeri na misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, na nafasi ya upinde ndani yake.

Nyeri ni mji wa wawindaji waliostaafu. Jim Corbett, aliyesifika kwa kuwaua chui-milia wala-watu wa India, alihamia Kenya mwaka 1947, akaishi katika nyumba ya Paxtu iliyojengewa Baden-Powell kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, akafariki mjini humo mwaka 1955. Kitabu chake kidogo, Tree Tops, kilichotoka mwaka huohuo, kinahusu usiku wa Februari 1952 ambapo Binti Mfalme Elizabeth alilala katika hoteli ya juu ya mti msituni. Hoteli yenyewe ni dungu: mtu hukaa juu, mnyama hupita chini. Kwa mkulima wa Kiafrika dungu ni mahali pa kulindia mazao. Kwa Corbett ni mahali pa kutazamia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1954, wapiganaji wa Mau Mau waliichoma hoteli hiyo. Msitu uliosawiriwa kama bustani ya wanyama ulikuwa pia makao ya watu.

Watu hao ndio wanaowindwa katika The Hunt for Kimathi (1958), kitabu cha Ian Henderson na Philip Goodhart. Toleo la Marekani liliitwa Man Hunt in Kenya, na hapo hapana mafumbo tena. Henderson, ofisa wa polisi aliyekulia Nyeri na kukijua Kikuyu barabara, anafuata muundo wa kisa cha safari ya uwindaji: kusoma nyayo, kutega njia, kumchosha windo, hatimaye kumpata. Wapiganaji husawiriwa kwa sifa za wanyama, kwa harufu na kwa silika. Msomaji wa haraka ataiona hiyo kuwa dharau ya kawaida ya kikoloni, na kuishia hapo ni kuusoma muundo nusu. Muundo wa uwindaji unamlazimu msimulizi kumheshimu windo wake, maana windo dhaifu halimpi mwindaji sifa. Ndiyo sababu Kimathi wa Henderson ni mjanja na hodari kupita kiasi. Ukuu huo anapewa ili nyara iwe na thamani.

Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa amevaa vazi la ngozi ya chui. Picha yake akiwa amelazwa, mikono imetiwa pingu, inafuata desturi ya picha za safari: mwili chini, waliosimama wakitazama. Kesi yake ilisikizwa Nyeri, akahukumiwa kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi isivyo halali, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Shtaka lenyewe linafanana mno na shtaka la jangili.

Hapa ndipo upinde unapoingia. Mwaka 1925 Wamarekani Saxton Pope na Arthur Young walikwenda Tanganyika kuwinda simba kwa mishale, pamoja na Stewart Edward White aliyewalinda kwa bunduki. Kitabu cha Pope kilichofuata mwaka 1926, The Adventurous Bowmen, kiliusifu upinde tangu jinani mwake. Chama kilichoundwa Marekani mwaka 1961 kwa jina la wawili hao huweka kumbukumbu za pembe za wanyama waliouawa kwa mshale, zikiwemo za kulungu wakubwa wa nchi hiyo, zikipimwa na kupewa alama. Lakini Pope alijifunza upinde kwa Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi wa California, lililoangamizwa na walowezi. Upinde wenyewe, basi, ulikuwa nyara kabla ya kuleta nyara yoyote.

Huku Tsavo, katika miaka ya 1950, Waliangulu waliowinda tembo kwa pinde nzito na sumu ya msunguti walikamatwa na kufungwa katika kampeni iliyoongozwa na David Sheldrick. Hoja ya ukatili ilitolewa dhidi yao: mshale humwacha mnyama akiteseka. Hoja hiyohiyo hutolewa leo dhidi ya wawindaji wa mshale wa Marekani, nao hujibu kwa kutaja ustadi wa mpigaji. Waliangulu hawakuulizwa habari za ustadi, ingawa sumu mbichi huua upesi kuliko mshale mtupu.

Fasihi ya Kiswahili ina mpiga upinde wake. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, Sultani wa Pate anawaahidi wawindaji wa mwituni fedha wakimletea kichwa cha shujaa. Wanapanga kumfuma akiwa juu ya mkoma, naye anaangua matunda kwa mishale bila kupanda. Anapokufa kwa hila ya mwanawe, anabaki amepiga goti kisimani, upinde tayari, na mji unaogopa kuteka maji. Huyu ni windo aliyekataa kuwa picha ya mwindaji. Mzalendo Kimathi, tafsiri ya tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo, inamrudishia Kimathi sauti mahakamani, jambo la lazima. Hata hivyo inahamisha uzito kutoka msituni, na lugha ya uwindaji inabaki mikononi mwa Henderson bila kujibiwa.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa michezo mwaka 1977. Wanaotaka urejeshwe wana hoja isiyopuuzika: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wanyamapori wa maeneo ya malisho ya Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka huo wa marufuku. Watetezi wa marufuku nao hutaja mifugo, nyua na ongezeko la watu. Katika mjadala huo wote anazungumza mwenye leseni na mwenye hoteli. Mwana wa mwindaji wa msunguti hatajwi ila kama jangili, na riwaya ya Kiswahili inayomfanya msimulizi bado haijaandikwa.