Bwana Msa na Mzimu wa Kijijini Kwetu

Wazee wa rika langu tukikutana barazani baada ya sala ya alasiri, hapa Kurui, mazungumzo hayachelewi kufika palepale: vijana wameinamia simu wakitazama tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, vitabu hawavitaki, na hadithi za zamani zilikuwa safi, zenye adabu na mafunzo. Mimi huitikia kwa kichwa kama wenzangu. Lakini juzi mjukuu wangu alinisikia, akaniuliza, "Babu, safi kivipi?" Jibu la haraka sikuwa nalo, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Televisheni na sinema tuziweke kando. Televisheni ilianza Unguja mwaka 1974, huku bara tukangoja mpaka 1994, kwa hiyo mzee wa Kisarawe anayedai alilelewa na televisheni yenye maadili anajidanganya. Sinema zilikuwa Dar es Salaam, Avalon na Empire, na ile ya Msasani ya kutazamia ndani ya gari. Sisi tulizipata kwa kusimuliwa na waliotoka mjini, na msimuliaji hakuwa bahili wa chumvi. Kilichotufikia mikononi ni vitabu.

Na vitabu hivyo, ndugu msomaji, tuseme kweli. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, hakuwa mtu wa kuozeshwa binti yako: pombe, wanawake, bastola. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilizuiwa kwa muda mashuleni, kisha ikaja kusomeshwa humo humo. Hata Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye wazee humtaja kwa heshima, aliandika kitabu mwaka 1975 akakiita Mke Mmoja Waume Watatu. Nani kati yetu angekiacha kitabu hicho juu ya meza siku ya kuja mkwewe?

Kama si usafi, basi ni nini tunachokililia?

Kaka yangu, aliyekuwa kibarua Dar es Salaam, aliniletea Mzimu wa Watu wa Kale nikiwa darasa la sita. Mwandishi wake alikuwa ameshinda kwa hadithi hiyo shindano la East African Literature Bureau la 1957/58, na kitabu kikachapishwa 1960. Mwalimu wetu wa chuo alikiona kwenye mfuko wangu pamoja na juzuu, akasoma jina la jalada tu, akakichukua. Mtoto wa Kiislamu hasomi mambo ya mizimu, alisema, hiyo ni shirki. Zikapita kama siku kumi. Akanirudishia kikiwa kimefungwa kwa gazeti, akauliza kwa sauti ya chini, "Kipo kingine cha huyu bwana?"

Alikuwa amekihukumu kwa dhana, na kitabu chenyewe ndiyo habari yake. Tajiri mwenye shamba anakutwa ameuawa penye mzimu, na watu wanaona hakuna la kuuliza tena, kwa kuwa wakubwa wa mzimu wamekasirika. Ndipo anapokuja Bwana Msa na kiko chake, pamoja na sahibu yake Najum, akaanza kuuliza: nani alikuwa wapi, nani alinufaika, nani amesema leo lisilolingana na la jana. Wahakiki wamekwisha kusema kwamba wawili hao wamefuata nyayo za Sherlock Holmes na Daktari Watson wa Mwingereza Arthur Conan Doyle. Ni kweli, lakini Bwana Msa ana kazi ambayo Holmes hakuwa nayo kila siku. Kabla ya kumtafuta muuaji, inambidi kwanza alishinde baraza zima lililokwisha kuridhika.

Makosa yamo. Mazungumzo ni marefu mno, mambo hukutana kwa bahati mahali ambapo akili ingetakiwa, na mara nyingine Bwana Msa huficha alichokiona mpaka kurasa za mwisho, jambo ambalo si haki kwa msomaji. Kiswahili chake, hata hivyo, ni cha kulamba vidole.

Siku zile utenzi wa Hasani bin Ismail wa kumsifu mganga Nguvumali ulikuwa nao umechapishwa, mwaka 1968. Humo mganga ndiye mpelelezi, na anachofichua ni wachawi. Uzaramo wetu ulikuwa wa Nguvumali, si wa Bwana Msa. Masika moja mtoto wa jirani alikufa kwa homa, na kabla tanga halijaanuliwa jina la bibi mmoja mjane likawa midomoni mwa kila mtu. Mimi na wenzangu wa chuo tulipita mlangoni kwake tukiimba maneno ambayo sitayaandika hapa. Mwalimu alisimama msikitini baada ya isha akauliza maswali mawili: nani aliyemwona, na alimwona akifanya nini? Wakubwa waliinama kimya. Nilijua alikoyapata maswali yale, nikaona haya. Mzee mmoja alimjibu kwamba mambo hayo hayahitaji kuonekana.

Bibi yule hakungoja mganga aletwe. Alihamia kwa bintiye upande wa Maneromango, na nyumba yake ikaanguka mvua zilizofuata. Basi sitawadanganya kwamba kitabu kiliokoa mtu. Lakini katika vitabu vyote vilivyopita mikononi mwangu miaka ile, ni hicho kilichonionyesha kosa langu kabla sijawa mtu mzima, na mwandishi wake hakuwa akinihubiria. Tamthilia za Kituruki sijazitazama, kwa hiyo sina la kuzihukumu.

Nakala yangu ninayo bado, ila mchwa wamekula kurasa za mwisho. Nilimpa mjukuu wangu bila kumtahadharisha. Amefika pale ilipokatika, muuaji hajajulikana, na sasa kila jioni ananifuata barazani akitaka nimwambie. Nimekataa. Amekwenda kuazima simu ya mamaye apige kwa mjomba wake Kariakoo, amtafutie kitabu kizima.