Kufungua Ukuta Bila Kuangusha Paa

Ukitaka kujua umri wa nyumba ya Tandika au Mwananyamala, Dar es Salaam, zunguka ubavuni. Mbele utadanganywa: kuna vioo na aluminiamu, kuna bango la wakala wa pesa za simu, kuna marumaru mpaka kwenye ngazi. Ubavuni utakuta tofali zilizofyatuliwa kwa mkono, dirisha dogo lenye nondo, na bati lililoshika kutu pale linapopokea maji ya paa la jirani. Ni nyumba ileile ya Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, uani nyuma, baraza mbele. Vyumba vya nyuma bado vinalala watu. Viwili vya mbele, vinavyotazama barabara, vimegeuzwa fremu za biashara, na kazi ya kuvigeuza ni ufundi ambao sijausikia ukisifiwa mahali popote.

Mitaa hii haikupangwa iwe ya maduka. Mradi wa viwanja na huduma, ulioanza mwaka 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulipima viwanja vya makazi Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Kule ambako watu walikuwa wameshajijengea, Manzese kwanza, halafu Mtoni na Tandika, zikapelekwa barabara, maji na taa. Waliobahatika walikopa Benki ya Nyumba Tanzania, benki iliyokuja kufa mwaka 1995. Wengine wakajenga kwa akiba, chumba baada ya chumba. Ramani zilihesabu vitanda, si kaunta. Kisha mshahara ukawa hautoshi, biashara ikafunguliwa, mji ukafurika. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, milioni moja zaidi ya ile ya 2012. Mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam (DMDP), ulioidhinishwa mwaka 2015, nao ukapeleka lami na mitaro kwenye barabara za ndani za Kinondoni, Ilala na Temeke. Lami ikishapita, chumba cha mbele hakilali mtu tena.

Tabu ni moja: nyumba hizi hazina nguzo. Ukuta ndio nguzo. Kenchi zimekaa juu ya ukuta wa mbele, na mwenye nyumba anataka katikati ya ukuta huohuo kitolewe kipande cha futi nane, wapangaji wa nyuma wakiendelea kupika, kufua na kulala chini ya paa lilelile. Kuna namna nyingi za kuikosea kazi hii na zote zinaishia kwenye kichwa cha mtu.

Nadhani mafundi wetu waliurithi ujasiri wao kwenye nyumba za udongo. Wazee wa Mtoni wanakumbuka jinsi nyumba ya miti na udongo ilivyogeuzwa kuwa ya tofali bila kuvuliwa bati. Familia haikuwa na pa kwenda, na bati jipya lilikuwa ghali kuliko tofali. Basi fundi aliliegemeza paa kwenye mirunda, akavunja ukuta wa udongo upande mmoja, akapandisha tofali mpaka zikagusa boriti, akahamia upande wa pili. Mwisho wa mwaka nyumba nzima imebadilika na paa halijui kilichotokea. Aliyejifunza kazi kwa kushika paa hewani hashtuki anapoambiwa atoboe ukuta. Anauliza tu utatobolewa wapi.

Fundi mzee niliyemtazama kazini Mwananyamala hakuanza na ukuta kabisa. Aliomba kuingia kila chumba, mpaka vya nyuma, akawa anatazama juu. Alitaka kujua kenchi zimetua wapi, na kama kuna mtu aliwahi kuongeza paa la uani likaning'inia kwenye boriti za zamani. Ndipo akarudi mbele, akaanza kuugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Penye lipu iliyoachana na tofali panatoa sauti ya utupu. Alipofika juu ya dirisha alichimba kitundu kidogo kwa tindo kutafuta lenta, ule mkanda wa zege unaopaswa kuizunguka nyumba juu ya milango na madirisha. Hakuukuta. Alichokikuta ni kipande kifupi cha zege kilichovuka dirisha na kuishia inchi chache kila upande. Nyumba nyingi za wakati huo ndivyo zilivyo: kila tundu lina kizingiti chake, na kati ya vizingiti hakuna kitu.

Pembeni kulikuwa na ufa uliokuwapo tangu zamani. Aliukandika kiraka chembamba cha saruji kwa kuupitia katikati, akakiacha. Kiraka kikipasuka kazi ikiwa inaendelea, ukuta unatembea, na kila mtu anatoka nje. Kifaa chenyewe hakina hata thamani ya soda.

Kisha inakuja sehemu ambayo wapita njia huidhani uvivu, kwa sababu siku nzima inapita na ukuta uko palepale. Fundi anatoboa matundu madogo juu ya pale lenta mpya itakapokaa, anapitisha mbao nene za mbili kwa sita, nusu ndani nusu nje, na kila mbao inasimamishiwa mirunda miwili. Chini ya mirunda kuna vipande vya ubao ili isizame kwenye mchanga wetu wa Dar. Halafu kabari. Hapa ndipo nilipogundua kwamba namtazama mtu anayeijua kazi. Saidia fundi alikuwa akizipiga kwa nguvu, mzee akamnyang'anya nyundo. Kabari hupigwa kidogo huku, kidogo kule, kwa zamu, mpaka mbao inapoacha kulia na kuanza kunyamaza. Ukizidisha, unauinua ukuta na kuupasua mwenyewe. Ukipunguza, utashuka siku utakapovunja. Kati ya mambo hayo mawili kuna labda nusu ya unene wa kidole.

Kuvunja kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Grenda inachora mistari miwili ya wima ili ufa usikimbilie pembeni, kisha tofali zinashuka kuanzia juu, moja moja, kwa tindo na nyundo ndogo. Nzima zinapangwa uani, zitahitajika. Nyundo kubwa haikutoka kwenye mfuko. Waliozoea kuona ubomoaji wa hifadhi ya barabara, ule wa alama ya X nyekundu na tingatinga, wanadhani kuvunja ni nguvu.

Lenta mpya ina nondo nne za milimita 12, zimefungwa ringi, na inaingia ndani ya ukuta mzima si chini ya inchi 9 kila upande. Zege ni moja, mbili, nne: saruji, mchanga, kokoto. Haya kila fundi anayasema. Jambo ambalo wengi hawalifanyi ni kurudi baada ya zege kukauka na kuhangaika na mwanya wa juu. Zege likikauka hujivuta, likaacha nafasi nyembamba kati yake na ukuta wa zamani. Usipoijaza, mzigo wote utabaki kwenye mbao, na siku unayotoa mbao ukuta unashuka kwa kishindo kuitafuta lenta. Mzee yule alichanganya udongo wa saruji mkavu kiasi kwamba ukiufumbata haukuachii maji kiganjani, akausindika mwanyani kwa kijiti na nyundo, chembe kwa chembe, karibu saa mbili, amekunja shingo. Hakuna mpangaji atakayeiona kazi hiyo. Lipu itaifunika kesho yake.

Ugomvi na mwenye nyumba ulianza siku ya nne. Fremu ilikuwa imeshapata mtu, kodi ya miezi sita imeshalipwa, na dalali ameshachukua mwezi wake.

"Fundi, hii miti inatoka lini?"

"Wiki mbili, mama. Na maji tunamwaga asubuhi na jioni."

"Wiki mbili! Mpangaji ana mzigo bandarini."

"Ukitaka niitoe leo naitoa. Ila usilale humu ndani, na hao wajukuu uwapeleke kwa shangazi yao."

Miti haikutoka. Mimi niko upande wa fundi, lakini simlaumu mama. Haraka yake ni haraka ya mji mzima. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo likaua zaidi ya watu 25, na mashuhuda walisimulia kwamba kazi ya kupanua sehemu ya maduka chini ya ardhi ilikuwa imeanza siku moja tu kabla. Fremu ya Mwananyamala haina uzito wa ghorofa, ila swali ni lilelile: kipi kimebeba kipi, na nani amekagua? Kibali cha manispaa kipo kwa ajili hiyo. Wengi hawaendi kukiomba, wakiamini kwamba kufungua dirisha si kujenga.

Baada ya lenta, akili ya fundi inashuka miguuni. Barabara za mitaa zilipowekwa lami, mara nyingi zilipanda kuliko baraza za nyumba, na chumba kilichokuwa juu ya mtaa sasa kiko chini yake. Masika ya Machi mpaka Mei hayajali kwamba umeweka marumaru. Mzee alivuta mpira mwembamba wenye maji kutoka ukingo wa mtaro mpaka kizingitini, akasoma urefu wa maji pande mbili, akasema jamvi la fremu lipande kozi moja na ngazi iinamie nje. Mteja atapanda hatua moja zaidi. Mwenye nyumba alitaka sakafu iwe sawa na barabara ili pikipiki ziingie moja kwa moja, na fundi akamwonyesha mstari wa matope ya mwaka jana ukutani kwa jirani.

Halafu kuna mlango wa koridoni. Chumba kikishakuwa duka la mtu mwingine, lazima njia ya kuingia ndani ya nyumba izibwe, na hapo chumba kinabaki na tundu moja tu la kupumulia. Miji mikubwa ya nje inahangaika na tatizo hilohilo kwa kinyume. Mwaka 2021 jiji la Calgary, Kanada, lilianza kuwapa ruzuku wenye majengo ya ofisi yaliyokosa wapangaji ili wayageuze nyumba za kuishi, na huko kikwazo kikubwa ni kwamba katikati ya ghorofa la ofisi pako mbali mno na dirisha. Wahandisi wanachora, wanakokotoa, baadhi wanatoboa jengo katikati kutafuta mwanga. Fundi wetu anaacha safu ya tofali za matundu chini ya dari, upande wa koridoni na upande wa ubavuni, hewa inapita juu ya vichwa vya watu, na mwenye duka la nguo haoni bidhaa zake zikipata ukungu.

Kuziba kwenyewe kuna siri. Tofali za mlango ule hazikufumwa kwenye ukuta wa pembeni. Zilisimama zenyewe ndani ya fremu ya zamani ya mbao, udongo wake wa saruji umechanganywa hafifu kwa makusudi. Nilipouliza, alinijibu kwamba biashara ni biashara. Si kila fremu inalipa, hasa zile za ndani kabisa ambako lami imeishia njiani. Mpangaji anaondoka na rafu zake, mlango wa chuma unakaa na kufuli miezi, mwishowe mwenye nyumba anataka chumba chake kwa sababu binti amerudi nyumbani na mtoto. Hapo fundi anaitwa tena. Ukuta wa koridoni unang'oka kwa nusu siku bila kuugusa ukuta mzima. Mbele zinapandishwa tofali zilizohifadhiwa uani mpaka usawa wa kifua, na dirisha linarudi mahali pake. Lenta inabaki ndani ya ukuta, imara kuliko nyumba ilivyozaliwa nayo.

Ndiyo maana fundi huwaambia wenye nyumba wasitupe dirisha. Mama wa Mwananyamala hakushawishika. Alikuwa ameshaanika nguo za mjukuu kwenye nondo za dirisha hilo pale uani, na mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amepita mara mbili kuulizia bei. Fundi alimwambia kama ni kuuza, amuuzie yeye.