"Mshipa Umefunguliwa": Istilahi za Maradhi ya Moyo

Istilahi ya tiba hupimwa mahali pawili: mezani kwa mtaalamu na masikioni mwa mgonjwa. Hapa twazichunguza istilahi chache zinazotumika kueleza madhara yanayoipata mishipa midogo ya moyo baada ya ugonjwa uitwao "mshtuko wa moyo". Tumfikirie msikilizaji wetu kuwa mkazi wa Ipuli, kata ya Manispaa ya Tabora, aliyetibiwa Dar es Salaam na sasa amerudi kwao.

Jina la ugonjwa lenyewe lina kasoro. Mshtuko ni kugutuka kwa jambo la ghafla, nao hupita. Maradhi haya hayapiti hivyo: ateri inayoulisha moyo huziba, mara nyingi kwa damu iliyoganda, na sehemu ya msuli ikakosa oksijeni hata ikafa. "Shambulio la moyo" nalo ni tafsiri ya neno kwa neno. Halisemi nani kamshambulia nani.

Kasoro kubwa zaidi imo katika neno "mshipa". Kwalo twaita ateri, vena, neva, hata ugonjwa wa ngiri. Mgonjwa aambiwapo "mshipa umefunguliwa" huelewa kwamba amepona, na huenda akaacha dawa. Kumbe kilichofunguliwa ni ateri kubwa tu. Kwa baadhi ya wagonjwa damu hupita humo vizuri lakini haiufikii msuli, kwa kuwa mishipa midogo imezibwa na vipande vya damu iliyoganda, imebanwa na uvimbe, au kuta zake zimeharibika. Mtu wa Tabora hahitaji mfano wa mbali: njia kuu ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Unyanyembe, lakini kuwa wazi kwa njia kuu hakukufikisha mzigo kijijini ikiwa vichochoro vimefungwa.

Kapilari ina upana wa karibu sehemu moja ya mia ya milimita, au pungufu. Picha ya kawaida ya eksirei haiioneshi. Kwa hiyo madaktari hupitisha ndani ya ateri waya mwembamba wenye kupima shinikizo na joto, wakatia dawa ya kutanua mishipa, kisha maji ya chumvi yaliyo baridi kuliko damu. Muda wa maji hayo kusafiri huzidishwa kwa shinikizo la mbele ya ateri. Jibu likizidi 40 baada ya ugonjwa huu, madhara huhesabiwa kuwa makubwa. Picha za sumaku nazo huonesha weusi ndani ya kovu jeupe, pale damu isipofika.

Kipimo hicho kiitweje? "Upinzani wa mishipa" hutukumbusha siasa. Fizikia ya shuleni imekwisha kutupa "ukinzani"; hapana sababu ya tiba kubuni neno jingine.

Ni maoni yetu, basi, kwamba "ateri", "vena" na "kapilari" zitumike kila moja kwa maana yake; ugonjwa uitwe "kufa kwa msuli wa moyo"; na kipimo kiwe "ukinzani wa mishipa midogo". Ndipo mkazi wa Ipuli atakapoambiwa: "Ateri kubwa imefunguliwa, mishipa midogo bado ina madhara." Atajua kwa nini asiache dawa.