Hoja Ikapita kwa Kura Nne: Fani ya Taarifa ya Kamati Huko Laguna Woods

Kila kamati ya wakazi wa Laguna Woods Village, kusini mwa California, huacha nyuma yake matini ya aina moja: taarifa fupi, isiyobeba jina la mwandishi, inayoeleza kilichoamuliwa na kunyamaza kuhusu jinsi watu walivyofikia uamuzi huo. Taarifa hizi hutolewa mwezi baada ya mwezi, za mandhari, za matengenezo, za usalama, za fedha, na anayezisoma kwa mfululizo ataona kwamba zinafuata kanuni kali kuliko tanzu nyingi tunazozisifia ukali wa kanuni zake. Hoja yangu ni kwamba ustadi wa matini hizi umo katika namna zinavyoushughulikia wakati ujao, na kwamba ustadi huo hauonekani mpaka tusome sentensi moja moja, kwa utaratibu uleule tunaoutumia kwa ubeti.

Mandhari kwanza. Kijiji hiki cha wastaafu, chenye malango ya walinzi na sharti la umri wa miaka 55, kilianzishwa na mjenzi Ross Cortese na kufunguliwa mwaka 1964 kwa jina la Leisure World, miaka miwili baada ya kile alichokijenga Seal Beach. Jina la sasa lilikuja mwaka 2005. Ndani yake mna nyumba 12,736, zilizogawanywa kati ya vyombo vitatu vya umiliki: United yenye nyumba 6,323 za ushirika, Third yenye 6,102, na Mutual Fifty, yaani minara miwili ya ghorofa yenye nyumba 311. Pembeni ya vyombo hivyo ipo taasisi ya Golden Rain Foundation, inayosimamia mali za pamoja: majengo ya klabu, viwanja vya gofu, mabwawa ya kuogelea, mabasi, kituo cha farasi na malango yenyewe. Kila chombo kina bodi, kila bodi ina kamati, na wakazi wanaozihudumia hawalipwi. Majani hukatwa na mabomba hurekebishwa na watumishi wa kuajiriwa. Kazi ya kamati ni kusoma, kusikiliza, kupiga kura na kuandikwa.

Ili tuwe na kitu mkononi, nimesuka taarifa ya mfano kwa kufuata desturi ya kamati hizo. Haikunukuliwa popote, ni kielelezo cha umbo tu, kama mwalimu wa arudhi anavyotunga ubeti ili aonyeshe mizani:

«Kamati ya Mandhari ilikutana Alhamisi, saa 3:30 asubuhi, katika ukumbi wa bodi. Akidi ilitimia. Ombi la kuondolewa msonobari mmoja kando ya nyumba C lilijadiliwa. Watumishi walipendekeza likataliwe, kwa kuwa mti una afya njema. Mkazi alizungumza. Hoja ya kulikataa ombi ilitolewa, ikaungwa mkono, ikapita kwa kura 4 dhidi ya 1. Suala la mizizi iliyoinua njia ya waenda kwa miguu limepelekwa Kamati ya Matengenezo. Nafasi moja ya mshauri iko wazi. Kikao kijacho kitafanyika mwezi ujao, siku na saa ileile.»

Tuanze na «akidi ilitimia», sentensi ambayo msomaji wa haraka huiruka. Kazi yake ni ileile ya «paukwa» na «pakawa» katika ngano: ni mkataba wa kuingilia. Pasipo akidi, yote yanayofuata hayakutokea; watu walikaa chumbani, wakaongea, wakanywa kahawa, wakaondoka, na mti ukabaki ulipo bila uamuzi wowote kuuhusu. Akidi ndiyo inayogeuza mazungumzo kuwa tukio, na kwa hiyo sentensi ya maneno mawili imebeba ontolojia nzima ya matini. Msimulizi wa riwaya hulazimika kutushawishi kwa kurasa kadhaa kwamba ulimwengu wake upo. Katibu wa kamati huhesabu vichwa.

Kisha huja «lilijadiliwa», na hapo matini inajitoboa shimo katikati. Mjadala, ambao pengine ulichukua dakika 40 na kuwafanya majirani wawili waache kusalimiana, umebanwa ndani ya kitenzi kimoja cha kauli ya kutendwa. Ukimya huu una historia. Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani, aliwekwa kuongoza mkutano wa kanisa huko New Bedford mwaka 1863, ukamshinda. Kutokana na aibu hiyo alikuja kuandika kitabu cha kanuni za mikutano kilichochapishwa mwaka 1876 na ambacho bado kinatawala kumbi za mikutano nchini mwake. Kanuni yake kuhusu kumbukumbu ni kwamba huandikwa kilichotendwa, wala hakiandikwi kilichosemwa. Mwanaisimu anaweza kuona humo upotevu wa data, lakini mhakiki anaona sharti la kifani lenye matokeo makubwa: maneno yote ya wahusika yameondolewa, yamebaki matendo yao ya kisheria, yaani kutoa hoja, kuunga mkono, kupiga kura. Ni tamthilia iliyobakiza maelekezo ya jukwaani peke yake.

Ndiyo maana «mkazi alizungumza» inashtua. Sheria ya California ya mwaka 1985 inayosimamia jumuiya za namna hii, iitwayo Davis-Stirling, inamtaka mwanachama aruhusiwe kusema katika kikao cha wazi cha bodi, kwa muda uliowekewa kikomo cha haki, na kamati hufuata mtindo huohuo. Matini haina budi kushuhudia kwamba alisema, na inakatazwa na desturi yake kutuambia alisema nini. Nafsi inaingia, inafungua kinywa, na pazia linashuka. Msomaji hubaki na taharuki isiyo na ufumbuzi, nayo inazidi anapokumbuka kwamba mtu huyu hatajwi kwa jina. Amekuja kama nyumba C. Napenda kumwita mhusika-anwani. Utambulisho wake wote ni mahali anapolala, na mahali hapo panatosha, kwa sababu wasomaji lengwa wanapajua. Hawa ni watu wanaoelekezana kwa namba za malango na namba za majengo ya klabu, na utanzu wao umeachana kabisa na ufafanuzi wa mandhari. Mgeni akisoma ataona orodha kavu ya tarakimu, lakini mwenyeji anaona kona, kivuli, na gari dogo la gofu lililoegeshwa vibaya.

Kejeli kuu ya matini, hata hivyo, imewekwa kwa watumishi. Angalia kwamba katika taarifa nzima kuna kishazi kimoja tu cha sababu, nacho ni cha mti: «kwa kuwa mti una afya njema». Wenye afya ya kuchunguzwa na kutolewa cheti ni misonobari. Mkazi aliyeomba mti uondolewe pengine aliteleza juu ya sindano zake zilizokauka, pengine anahofia goti lake, pengine anataka kuuona mlima wa Saddleback asubuhi. Sababu yake imo ndani ya kile alichozungumza, na kile alichozungumza kimetoweka. Sioni kwamba katibu alikusudia kejeli hiyo. Imezalishwa na umbo, kwa kuwa umbo hulipa nafasi ya sababu pendekezo la kitaalamu na kumnyima mwombaji, na kejeli za namna hii huwa na makali kuliko zile za mwandishi anayejua anachokifanya.

Kura 4 dhidi ya 1 ni riwaya nyingine iliyofungwa ndani ya tarakimu. Nani alipinga? Kwa huruma, kwa ukaidi, kwa deni la zamani? Mwenye kupenda kukisia atafaidi. Mimi naipita haraka, kwa sababu sentensi inayofuata ina utajiri zaidi. Mizizi «imepelekwa Kamati ya Matengenezo». Hapa matini moja inakabidhi msuko wake kwa matini nyingine, ambayo ina katibu wake, ajenda yake na wasomaji wake, na mwenye kutaka kujua hatima ya njia ya waenda kwa miguu itambidi ahamie huko. Mwingilianomatini tunaoutafuta kwa tochi katika ushairi umo humu kwa wingi, tena wa lazima. Mizizi inaweza kusafiri kwa kamati tatu, ikarudi kwa bodi ikiwa na bei, ikaahirishwa, ikatoweka kwa miezi miwili, na kuibuka chini ya kichwa kingine. Hakuna taarifa moja inayosimulia kisa kizima. Kisa kiko katika mfululizo, na anayekimiliki ni msomaji mwenye subira.

Subira hiyo inapimwa na sheria kama ushairi unavyopimwa na mizani. Ilani ya kikao cha wazi cha bodi hutolewa angalau siku 4 kabla. Kanuni ya uendeshaji ikitaka kubadilishwa, wanachama hupewa ilani ya angalau siku 28 ili watoe maoni. Kumbukumbu, hata zikiwa rasimu au muhtasari, hazina budi kupatikana ndani ya siku 30 baada ya kikao. Na yale yaliyozungumzwa faraghani, kama vile kesi, mikataba, nidhamu ya mwanachama au mambo ya wafanyakazi, hutajwa kwa ujumla katika kumbukumbu za kikao cha wazi kinachofuata, bila undani. Mtu anaweza kuziona hizo kuwa taratibu za mawakili. Kwangu ni mapigo, na matokeo yake ni nathari ambayo kila jambo lina kesho iliyopangiwa tarehe.

Kesho hiyo ndiyo kiini. Kamati tunazozijua zaidi sisi, zile za harusi, zina mwisho ndani ya kusudi lake: michango inakusanywa, ukumbi unalipwa, bibi harusi anaingia, na wiki chache baadaye wajumbe wanakula na kucheza siku ya kuvunja kamati. Taarifa zake huelekea kwenye tarehe moja na kufa nayo. Kamati ya Mandhari haivunjwi. Wajumbe wake wengi wana miaka 70 na kuendelea, na bado wanajadili miti itakayofikia kimo chake miaka 30 ijayo, wanaahirisha, wanaomba makadirio, wanapanga kikao cha mwezi ujao «siku na saa ileile». Msomaji kijana huona uvivu katika kuahirisha. Katika matini hizi kuahirisha ni njeo kamili, njeo-ahirishi kama naweza kuiita hivyo, inayotamka bila kishindo kwamba mwezi ujao upo na kwamba kiti kitakaliwa.

Ila kuna «nafasi moja ya mshauri iko wazi». Washauri ni wakazi wanaoalikwa kwenye kamati kwa ujuzi wao, wasiopiga kura: mhasibu wa zamani, mhandisi wa zamani, mwalimu wa bustani. Nafasi inaweza kuwa wazi kwa sababu mshauri amehamia kwa watoto wake, amechoka, amegombana na mwenyekiti, amelazwa, au amefariki dunia, na matini inazieleza sababu zote tano kwa sentensi moja isiyobadilika. Wapo watakaoona ubaridi humo. Mimi naona uamuzi wa kifani ulio sahihi, kwani taarifa ambayo ingemwombolezea mmoja ingelazimika kumweleza mwenzake aliyegombana, na kamati ingegeuka safu ya tanzia na umbeya. Maombolezo yana kurasa zake kwingine. Hapa kuna kiti, na kiti kinatangazwa. Panapoongezwa shukrani ndefu na sifa za ukarimu, kama inavyotokea pale mhariri mwenye moyo mwema anapoingilia, sentensi hiyo hupoteza mzani wake na msomaji hujua mara moja nani amekufa.

Utanzu una mpaka wake, na mpaka huo ulionekana miaka ya 1990, kaunti ilipopanga kuigeuza kambi ya ndege za kijeshi ya El Toro, iliyo jirani, kuwa uwanja wa ndege wa kimataifa. Ndege haipelekwi Kamati ya Matengenezo. Hofu hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizowasukuma wakazi kuunda mji wao, Laguna Woods, uliozaliwa rasmi Machi 1999, na wapiga kura wa Kaunti ya Orange waliuzima mpango wa uwanja Machi 2002. Kifani, kisa hicho kinanichekesha kidogo: waliposhindwa kuitatua hatari kwa kamati, walianzisha baraza la mji, yaani kikao kingine chenye akidi, hoja, kuungwa mkono, na katibu asiyeonekana.

Sijagusa bado sifa ambayo haina mfano katika fasihi simulizi wala andishi: wahusika wa matini hii ndio wanaoithibitisha. Kikao kinachofuata hufunguliwa kwa kusoma au kugawa kumbukumbu za kilichopita, mwenyekiti huuliza kama yapo marekebisho, na mjumbe aliyetajwa humo ana haki ya kusema kwamba haikuwa hivyo. Tahajia ya mtaa hurekebishwa, idadi ya kura hurekebishwa, msonobari unaweza kugeuka mkaratusi. Lakini hata hapo Robert ameweka kanuni inayonivutia kuliko zote: kumbukumbu za kikao kilichofanya marekebisho husema tu kwamba zile za awali zilithibitishwa kama zilivyorekebishwa, na kosa lenyewe halitajwi. Linasahihishwa mahali pake, katika matini ya mwezi uliopita, na anayefungua faili baada ya miaka 10 atakuta mkaratusi umesimama hapo tangu mwanzo.